Nani Aliyeifuta Kamera

Mama Picha aliingia karakana ya kamera kifua mbele. Waranti yake ilikuwa na miezi mitano mbele, risiti haikuwa imekunjwa hata pembe, na mkosaji alishapatikana, akahukumiwa, akafukuzwa. Mkosaji mwenyewe ni mdogo wake wa tumbo moja, yule waliyembandika jina la Chiriku kwa maneno yake mengi.

Wiki mbili nyuma alimtoa nyumbani mchana kweupe, begi likitangulia mlangoni, wapangaji wote wakiwa uani na nguo zao za kuanika. Wala hakunong'ona. "Ulimmaliza mama, sasa umekuja kunimaliza na mimi! Toka!" Maneno hayo, jamani, humwambii hata mtu aliyekuchomea nyumba. Chiriku ndiye aliyemuuguza mama yao miezi minane, akamuosha, akamlisha kwa kijiko, na alipomaliza kumzika ndipo akaja kuishi kwa dada yake. Siku ile aliokota begi akaenda kwa shangazi yao, na tangu hapo hakuna aliyempigia mwenzake simu.

Na yote hayo kisa nini? Madoa. Kila picha ya Mama Picha ilikuwa na vidoa vyeusi sehemu ile ile, juu kulia, na mstari mwembamba unaopita katikati. Wanafunzi wa shule nzima aliowapiga picha za vitambulisho walitoka na alama kwenye paji la uso, mwalimu mkuu akazirudisha zote. Madoa yalianza mwezi ule ule Chiriku alipohamia. Tena siku moja alimkuta ameipakata kamera, lenzi iko pembeni. "Nilikuwa naifunika tu, dada, uliiacha wazi," Chiriku akasema. Nani aamini? Mama Picha hakuamini.

Kamera aliileta karakana Jumatatu. Leo ni Ijumaa, amekuja kusikia jibu. Habari za Chiriku alikuwa amezifungia nyumbani, maana hayo ni ya familia na fundi hayamhusu. Yeye atasema tu kwamba kamera ina ubovu wa kiwandani, basi, watengeneze.

Fundi alikuwa mzee mfupi, miwani moja machoni na nyingine juu ya kichwa. Alimkaribisha kwenye kiti, akavuta fomu.

"Kabla sijakwambia kitu, mama, kuna swali moja hapa lazima nilijaze. Kamera unaisafishaje?"

Mama Picha akacheka. Aulizwe yeye, mtoto wa mpiga picha, aliyekulia studio? "Baba alinifundisha kusafisha kamera kabla sijajua kusoma. Kila asubuhi, fundi. Siruki hata siku moja."

"Hebu nionyeshe." Fundi akamsogezea kamera mbovu ya kufanyia mifano.

Basi Mama Picha akaonyesha, tena kwa madaha. Akafungua lenzi, akaiweka pembeni. Akavuta pumzi hadi mabega yakapanda, akapuliza ndani ya kamera: puuu! Akapuliza tena. Kisha akazungushia kidole upindo wa gauni lake la buluu, akakiingiza ndani, akafuta kile kioo kidogo taratibu, huku na huku, akamalizia na pembe zake. "Vumbi lote kwisha," akasema. "Baba alikuwa anafanya hivi hivi, na kamera yake iliishi miaka thelathini."

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walitazamana. Fundi alivua miwani ya machoni akafumba macho, ungedhani amepewa habari za msiba.

"Mama," alisema polepole, "kamera ya baba ilikuwa ya filamu. Filamu ikipita, inakuja nyingine. Hii ya kwako kioo cha ndani ni kimoja hicho hicho, maisha yake yote. Hakipulizwi kwa mdomo. Hakiguswi kwa nguo. Kuna mpira wa kupulizia, na ukishindwa na mpira unaileta kwetu."

Akageuza kompyuta. Kwenye skrini yake ilijaa picha kubwa ya kitu mfano wa ukuta ulionyeshewa mvua ya matope. "Hiki ndicho kioo cha kamera yako. Haya matone ni mate yaliyokaukia. Huu mstari ni mkwaruzo. Na hiki hapa pembeni ni uzi."

Uzi ulikuwa wa buluu.

Mama Picha aliutazama uzi, akainamia gauni lake, akautazama tena uzi. Aliukunja upindo wa gauni, akaukalia.

"Waranti inalipa kosa la kiwanda," fundi aliendelea, naye sauti imempungua. "Kitufe kikigoma chenyewe, skrini ikizima yenyewe, hayo ni yetu. Kuanguka, maji, mchanga, kukwaruzwa wakati wa kusafisha, hayo hapana. Pole sana, mama yangu. Kioo kipya utalipia mwenyewe."

Lakini Mama Picha hakuwa anasikia habari za kulipa. "Kwa hiyo hakuna mtu mwingine aliyeigusa?"

"Ndiyo nilikuwa nafika huko." Fundi alifungua droo, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. "Juzi alikuja binti mmoja, mwembamba. Aliuliza kama kamera yako imefika hapa. Akaniambia niandike kwamba yeye ndiye aliyeiharibu, eti mwenye mali asipokuwa na kosa waranti italipa. Nikamweleza, waranti haiangalii nani, inaangalia nini. Akasema wacha tu iwekwe, huenda wakubwa wa kampuni wakaona huruma. Mwongo yule! Ameandika alifuta kwa karatasi ya chooni. Mle ndani hamna hata chembe ya karatasi."

Mama Picha aliikunjua karatasi. Mama wee! Mwandiko aliujua, aliufundisha yeye mwenyewe mezani kwa mama yao. *Ni mimi niliyeifuta kamera ya dada. Dada hana kosa. Naomba mumtengenezee, ndiyo kazi yake.* Chini kulikuwa na sahihi na namba ya simu.

Alitoka nje bila kuaga, kamera kaiacha pale pale. Barabarani alipiga ile namba vidole vikikosea mara mbili.

"Dada," Chiriku aliitikia. "Wamekubali kuitengeneza?"

"Ni mimi," Mama Picha akasema. "Chiriku, ni mimi niliyeiharibu."

"Najua. Nilikuwa nakuona kila asubuhi. Nilikwambia mara mbili, ukaniuliza nimesomea wapi."

"Sasa kwa nini ukaandika ni wewe?"

"Si ulishanitangaza? Jina lilikuwa limeshachafuka, nikaona angalau likufae."

Mama Picha alishika nguzo ya taa. "Rudi nyumbani, mdogo wangu. Rudi leo."

"Ulinitoa mbele za watu," Chiriku akasema. "Waambie kwanza. Na mimi nisikie."

Saa kumi Mama Picha alisimama katikati ya ua, simu ameinyanyua, spika imefunguliwa. Mpangaji wa chumba cha mwisho aliacha kukamua shuka. Dereva wa lori aliyekuwa akinyoa ndevu mlangoni alibaki na povu upande mmoja.

"Jamani, naomba mnisikilize. Kamera niliiharibu mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Mdogo wangu hakuigusa ila kuifunika. Nilimsingizia."

"Lo!" mtu akasema.

Alidhani imetosha. Alianza kuishusha simu.

"Na lile la mama?" simu ikauliza.

Mama Picha aliinyanyua tena simu.

"Mama hakumalizwa na mtu. Aliumwa. Miezi minane aliumwa, na mimi..." Aliwageukia wapangaji. "Mimi sikwenda. Kila aliponiita nilisema nina kazi. Huyu ndiye aliyekuwa naye."

Simuni kulisikika mtu akipenga kamasi, kisha sauti ya Chiriku, ndogo kuliko siku zote.

"Alikuwa akikuulizia," akasema. "Nilimdanganya kwamba uko njiani."