Wifi Aliyeijua Meli

Hospitalini walimwita Bi Pasi, na si kwa sababu ya pasi tu. Kwa miaka thelathini na moja alisimamia kitengo cha kufulia, akipokea mashuka ya wodi zote, na muuguzi aliyemletea shuka la damu lililokwisha kulowekwa kwenye maji ya moto, ambayo hugandisha doa, aliondoka pale amenyooshwa kwa maneno. Alikuwa na namna yake ya kumtazama mtu, kuanzia kola mpaka upindo. Akishakutazama hivyo, unajiona umekunjamana.

Alipostaafu, mabinti zake wawili walimpa zawadi ya siku saba kwenye meli ya kitalii. Yeye alikuwa ametamani mashine ya kukaushia nguo.

"Melini nikafanye nini?" aliwauliza.

"Ukapumzike, mama."

"Kitanda ninacho hapa hapa."

Lakini tiketi zilikuwa mbili, na ya pili ilikuwa na jina la wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Huo ulikuwa msumari wa moto juu ya kidonda.

Ukoo mzima ulimwita wifi huyo Nahodha. Miaka sita nyuma aliondoka peke yake kwenda safari ya meli ya wiki moja, na tangu aliporudi hapakuwa na harusi wala msiba ambao hakuugeuza darasa. Ukimwambia mgongo unakuuma, atakueleza magodoro ya melini. Msibani kwa jirani alimshika mjane mkono, akamwambia kinachomfaa sasa ni upepo wa bahari, ila achague chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, maana huko hakuyumbi sana. Mjane alikuwa bado hajamaliza kulia. Bi Pasi aliyasikia yote hayo kwa miaka sita akiwa amebana midomo, na kila mwaka aliibana zaidi.

Safari ilipokaribia, Nahodha alihamia sebuleni kwake na mafunzo yakaanza.

"Vazi la kuogelea weka kwenye mkoba wa mkononi, wifi. Sanduku kubwa linaweza kukufikia jioni, wenzio wamo majini wewe unawatolea macho."

"Sina vazi la kuogelea."

"Tutanunua. Tangawizi usiisahau, inazuia kichefuchefu. Ziara zinazopangwa na meli ni za wajinga. Ukishuka, tafuta teksi yako mwenyewe. Na vinywaji lipia vyote mwanzoni, uwe huru."

"Mwaka jana ulisema tusilipie mwanzoni, ni wizi."

"Inategemea meli."

"Na wewe umepanda ngapi?"

Nahodha akapuliza chai yake. Kisha akaomba kuiona pasipoti ya Bi Pasi, akaipekua ukurasa kwa ukurasa, akahesabu miezi kwa vidole. "Miezi iliyobaki isipungue sita," alisema. "Hapo hawana huruma."

Kwa mbali, meli ile ilimkumbusha Bi Pasi jengo la wizara lililoangukia majini. Kwa karibu ilikuwa mbaya zaidi. Mazulia yalikuwa na maua ya rangi tano, na yeye, aliyezoea kusafisha, alijua mara moja kwamba mtu huchagua rangi hizo pale anapotarajia matapishi. Kwenye lifti ulipigwa muziki wa kumbembeleza mtoto mgonjwa. Kwenye bafe, watu wazima wenye afya zao walipigana vikumbo kwa ajili ya tikiti maji ambalo halikuwa linakwenda popote, wakarudi mezani na sahani zilizojaa kama mkokoteni wa mtu anayehama nyumba, wakala robo, wakaacha.

"Hawa walikuwa wamefungiwa wapi bila chakula?" aliuliza.

"Ni raha hiyo, wifi. Hapa mtu hahesabu."

Chumbani walikuta taulo limekunjwa mfano wa bata, limekalishwa juu ya kitanda na miwani ya jua machoni. Bi Pasi akalivua miwani, akalikunjua, akalinusa.

"Sabuni haijatoka. Wanasuuza mara moja tu."

"Hiyo ni sanaa, wifi."

"Ni taulo."

Kitu kimoja kilimpa furaha siku zile za mwanzo, nacho ni kumwona Nahodha akipotea. Alitafuta ukumbi wa chakula akatokea kwenye ukumbi wa kamari. Alifungua kabati akidhani ni choo. Kwenye zoezi la dharura alivaa jaketi la kuokolea nyuma mbele, mpaka baharia mmoja akaja kumgeuza kama mtoto anayevalishwa sare ya shule. Kila mara alisema jambo lile lile, kwamba meli zinatofautiana. Bi Pasi aliyaweka moyoni, ayatoe siku ya kuyahitaji.

Siku ya tatu waligombana. Alfajiri, Nahodha alitandaza mataulo mawili juu ya viti viwili vya kulalia kando ya bwawa, akaviwekea na kitabu, kisha akaenda kunywa chai kwa saa mbili. Hiyo, alieleza, ndiyo siri ya wajuzi. Bi Pasi alipofika alimkuta bibi mmoja mwenye mkongojo amesimama juani, anavitazama viti vitupu. Akayaondoa mataulo, akamkalisha bibi, na mwenyewe akakaa kwenye kile cha pili.

"Umenitoa kitini mbele ya watu," Nahodha alisema aliporudi.

"Hukuwepo kitini. Lilikuwepo taulo."

"Wewe tangu zamani hutaki mtu afurahi."

"Nataka. Ila afurahi akiwa amekaa."

Usiku huo hawakusemezana. Kesho yake, meli ilipofunga gati kwenye mji wa kwanza, Nahodha alivaa kofia yake pana na kushuka peke yake kutafuta teksi. Bi Pasi alibaki, miguu imemvimba, akashukuru Mungu kwa ukimya.

Meli ilikuwa iondoke saa kumi na moja jioni. Kasorobo, mlango wa chumba uligongwa. Alikuwa mkuu wa mapokezi, mwanamke mwenye sare nyeupe, pamoja na mlinzi.

"Mwenzako hajarudi," alisema mkuu wa mapokezi. "Tumemwita kwenye vipaza sauti mara tatu. Una namba ya simu anayotumia huku?"

Bi Pasi hakuwa nayo. Yule mama akamweleza utaratibu: wangefungua sefu ya chumba mbele yake, wachukue pasipoti ya Nahodha, wamkabidhi wakala wa kampuni kule gatini. Bila hiyo, mwenzake angekwama katika nchi ya watu. Mlinzi akabonyeza namba zake, mlango mdogo ukafunguka. Ndani mlikuwa na pasipoti, hereni za dhahabu, na daftari la shule lililochakaa.

"Labda namba imeandikwa humo," mkuu wa mapokezi alisema, akampa Bi Pasi daftari, kisha wakatoka mbio na pasipoti.

Bi Pasi akalifungua kutafuta namba. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na tarehe ya miaka sita nyuma.

"Nyumba ya wageni, chumba namba tisa. Siku ya pili. Wamenikataa. Pasipoti imebakiza miezi mitano na wao wanataka sita. Meli imeondoka nikiitazama."

Akasoma mara mbili. Kisha akafunua kurasa zilizofuata, ambazo hazikuwa na namba yoyote ya simu.

"Mkahawani. Mama mwenye kofia ya njano, ameshuka leo: chumba cha katikati, ghorofa za chini."

"Mzee mwenye mkongojo: lipia vinywaji mwanzoni."

"Bwana na bibi, maharusi: usilipie vinywaji, ni wizi."

"Kijana wa mizigo: viti vya bwawani weka taulo alfajiri."

Siku saba, kurasa kumi na nane, mwandiko mdogo uliobanana. Nahodha hakuwahi kupanda meli. Alikaa mkahawani nje ya bandari, akiwauliza wanaoshuka.

Bi Pasi aliketi kitandani. Katika maisha yake hakuwahi kupewa silaha kali namna ile. Aliona sura za watu kwenye harusi ijayo, akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema, taratibu tu, bila haraka, "Mwulizeni habari ya chumba namba tisa." Hakika ilimpendeza. Ilimpendeza kwa dakika nzima, mpaka honi ya meli ilipolia.

Akatoka nje hadi sitahani. Ngazi ilikuwa imekwisha kuvutwa, na kamba za mwisho zilikuwa zinafunguliwa. Abiria walijaa kwenye ukingo na simu zao mikononi, maana hii nayo ni burudani ya melini, kuwatazama waliochelewa. Wakati huo huo Nahodha akatokea mwisho wa gati. Alikuwa anakimbia, kofia imening'inia mgongoni kwa kamba yake, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, mifuko miwili ya plastiki ikimpiga mapajani. Watu wakaanza kushangilia kama vile ni mashindano. Mmoja alihesabu hatua zake kwa sauti.

Meli ilikuwa imekwisha kuachana na gati kwa urefu wa mtu, kisha wa gari, kisha wa nyumba. Nahodha akasimama. Akainua kile kiatu, akakipunga.

Bwana mmoja mwenye fulana yenye picha ya meli hiyo hiyo alicheka mpaka akamwegemea Bi Pasi begani. "Huyo bibi kizee atakumbuka," alisema. "Video hii naipeleka kwa watu wote."

Bi Pasi akamtazama kuanzia kola mpaka upindo.

"Fulana yako ina doa la mchuzi," alimwambia. "Umekula mara tano leo na bado umebakiza akiba kifuani. Futa hiyo video."

Bwana yule akacheka kidogo, halafu hakucheka tena. Akaifuta. Kule gatini wakala alikuwa amemfikia Nahodha na kumpa pasipoti, naye aliipokea bila kuitazama, macho yake yako melini.

Bandari iliyofuata ilikuwa safari ya usiku mmoja kwa meli, lakini kwa basi ilikuwa usiku mmoja na nusu siku. Meli ilipofika, Bi Pasi alikuwa wa kwanza kushuka. Alisubiri kwenye benchi la saruji, jua la asubuhi likawa la mchana. Nahodha aliposhuka kutoka kwenye basi, uso ulikuwa umemvimba kwa kukosa usingizi, lakini ulimi haukuwa umechoka.

"Saa ya simu ilijigeuza, wifi. Mjini wako nyuma saa moja, meli haibadili saa yake. Hilo ni kosa la kampuni, si langu. Mjuzi yeyote..."

"Nimeliona daftari."

Nahodha akaweka mifuko chini.

"Utawaambia?" aliuliza.

"Kwa nini hukurudi siku ile ile?"

"Nirudi niseme nini? Watu kumi na wanne walinisindikiza kituoni. Kaka yangu alikuwa hai, alinibebea sanduku." Akaketi benchini. "Na wewe ulisimama mlangoni umekunja mikono, ukasema, 'Nenda, ila usije ukafika mbali kuliko akili yako.' Wote wakacheka. Nilikuwa nayasikia maneno hayo chumbani mle siku zote saba. Chumba chenyewe dirisha linatazama ukuta."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

Bi Pasi hakulikumbuka neno hilo. Aliwahi kusema mengi ya namna hiyo, kwa watu wengi, na lile lilikuwa mojawapo tu. Akaichukua mifuko yote miwili.

"Twende ukaoge," alisema. "Unanuka basi."

Siku tatu zilizobaki walikaa pamoja bila kugombana sana. Nahodha hakumfundisha mtu. Jioni ya mwisho, wamekaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya meli ambako hapakuwa na muziki, alilitoa daftari lile na kalamu.

"Na wewe unaionaje meli, wifi? Sema, naandika."

"Uandike kweli?"

"Neno kwa neno."

Bi Pasi akasema. Alianza na mazulia, akaenda kwenye usuuzaji wa taulo, akaeleza kwamba mtu anayevuka bahari ili alale kando ya bwawa angejaza beseni nyumbani kwake akaokoa muda. Alisema picha za chakula ni nyingi kuliko chakula chenyewe. Alisema mapambo yote yale hayakumpendeza, ila mashuka yalikunjwa vizuri kwenye kona, na kwamba aliyeyakunja apewe mshahara wa nahodha, kwa kuwa huyo ndiye mtu pekee ambaye Bi Pasi alimwona akifanya kazi. Chai ikapoa anasema. Nahodha aliandika kurasa tatu, mara mbili akacheka mpaka kalamu ikamponyoka.

Nyumbani waliwakuta mabinti wamewaalika majirani. Habari ya kuachwa na meli ilikuwa imewatangulia, na Nahodha aliieleza mwenyewe, pamoja na kiatu, watu wakashika mbavu. Ndipo binti mdogo akauliza.

"Sasa shangazi, ukilinganisha na ile ya kwanza, ipi ilikuwa bora?"

Nahodha akaanza kukizungusha kikombe chake juu ya meza, na kila mtu alikuwa anamtazama.

"Meli zote ni moja," alisema Bi Pasi. "Ukiona moja umeziona zote, na hiyo moja yenyewe imezidi. Nani hana chai?"

Vikombe vikasogezwa. Nahodha akakohoa kidogo, akajiweka sawa kitini, akaanza kumweleza jirani wa kushoto kwamba saa ya simu haifai kuaminiwa baharini.