Meli Mbili za Mama Nyquist

Meli yetu ilikuwa na jina la marehemu. Arvid Nyquist, baharia wa Minnesota, aliungua akiwa kwenye mzinga wake, hakuuacha, na jeshi la majini likampa mama yake heshima ya kuzindua meli ndogo ya kusindikiza misafara. Ndivyo walivyofanya kwa zote za aina yetu, kila moja na maiti wake. Sisi tuliokuwa ndani hatukuwa na nafasi ya kuweka maua. Tuliiita Arvid, basi. Arvid anavuja. Arvid kapata kutu makalioni. Leo zamu ya nani kusugua choo cha Arvid?

Halafu wakatuletea mdogo wake.

Verner alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliomba mwenyewe apangwe kwenye meli ya kaka yake, na siku ya kwanza tu alimvunja mpishi wetu meno mawili. Mpishi huyo, Delbert Hux, alikuwa amesema kwamba Arvid ananuka soksi. Tulihitajika watu wanne kumtoa Verner juu yake, na mimi nikala kiwiko cha pua.

"Sikiliza, dogo," nilimwambia, damu ikinichuruzika mpaka kidevuni. "Ukimtwanga kila anayemtaja kaka yako, Wajapani watakosa kazi."

"Basi wamtaje kwa adabu, mkuu."

"Humu adabu hamna. Kuna supu ya maharage na mapipa. Twende nikuonyeshe mapipa."

Mkuu wa mapipa nilikuwa mimi, Emmett Stroud. Yalikuwa kumi na sita, yamepangwa kwenye reli mbili nyuma ya meli, yamejaa baruti ya kuulia nyambizi. Kila pipa lina kidude cha kuzungusha kwa spana. Ukikiweka kwenye mita kumi na tano, pipa linalipuka likifika mita kumi na tano chini ya maji. Ukilifunga, linazama kimya. Kanuni inasema yafungwe muda wote mpaka nyambizi ionekane, kwa sababu meli ikizama na mapipa wazi, yanawalipukia watu wake wenyewe wakiwa wanaogelea.

Mimi niliyaacha wazi. Mwezi wa tisa tulikuwa tunahangaika na spana huku nyambizi ikitutoroka, na meli ya mafuta tuliyokuwa tunailinda ikateketea mbele ya macho yetu. Niliwasikia watu wakiungua. Nikaapa sitachelewa tena, na nahodha nilipomgusia aliniambia hataki kujua.

Verner alitaka kujua.

"Mkuu, haya si yanatakiwa yafungwe?"

"Aliyeandika hicho kitabu alikuwa ofisini anakunywa kahawa."

"Na tukipigwa sisi je?"

"Hatupigwi."

Aliniuliza mara tatu wiki ile. Mara ya tatu nilimrushia spana ikampata begani, nikamwambia kama anaogopa aende jikoni akamenye viazi na Hux. Aliiokota spana, akaifuta mafuta, akanirudishia. Nilimpenda kijana yule, na sikumwambia hata siku moja.

Topido ya nyambizi ilitupata Oktoba, mashariki ya Ufilipino, saa tatu asubuhi, bahari imetulia kabisa. Ilikata sehemu ya mbele ya meli kama mtu anavyokata mkate. Watu waliokuwa wamelala mbele baada ya zamu ya usiku hawakuamka. Mimi nilirushwa juu ya reli, pipa likarudi nyuma likanibana mkono wa kushoto, na nilipouchomoa vidole viwili vilibaki pale. Moshi ulikuwa mzito. Mtu mmoja alinipita anatembea taratibu, ngozi ya mikono yake inaning'inia, akaniuliza kwa upole boti ziko wapi. Nikamwonyesha. Akaruka upande wa pili, kwenye moto.

Nahodha akapiga kelele tuiache meli. Watu kama mia na hamsini wakajitupa baharini, na mkondo ukawakusanya wote nyuma, chini yetu, wamelowa mafuta meusi wanakohoa. Hapo ndipo nilipokumbuka mapipa.

Verner alikuwa ameshafika na spana mkononi.

"Hesabu, mkuu! Hesabu kwa sauti!"

Nikahesabu. Mkono wangu haukufaa kitu, kwa hiyo alizungusha yeye, mimi nikisafisha njia kwa bega na kumwita pipa kwa pipa. Manne. Saba. Mbele ilikuwa inazama na nyuma inapanda, mpaka reli zikawa ngazi na sisi tunaning'inia. Kumi na moja. Ngozi ya viganja vyake ilikuwa imebaki kwenye chuma. Kumi na tano.

La kumi na sita lilikuwa limebanwa chini ya reli iliyopinda.

"Ruka, dogo! Moja haliwezi kutumaliza wote!"

"Hux yuko pale chini. Namwona."

"Ruka, nimesema! Ni amri!"

"Amri zako hizi ndizo zimetufikisha hapa," alisema bila hasira, huku amejikunja kichwa chini miguu juu, anaigonga spana iingie. Nilimshika mkanda nimvute. Akanipiga teke la kifua, nikaanguka baharini.

Meli ilizama na yeye juu yake, bado anagonga. Niliwapigia watu kelele walale chali, wainue matumbo juu ya maji ili mlipuko usiwapasue ndani. Wachache walinisikia.

Pipa lile halikufungika. Maji yaliruka meupe, na nilihisi nimepigwa teke na farasi kuanzia chini mpaka kooni. Kisha ukimya, kisha watu wakaanza kutoa damu puani na mdomoni, wengine bila jeraha lolote la nje. Hux alinikumbatia shingo akanitapikia damu, akafa hajaniachia. Pipa moja liliua watu kumi na tisa. Yangekuwa yote kumi na sita, nani angebaki?

Walipotaka maelezo yangu hospitalini, niliandika kwamba mapipa yalikuwa wazi kwa sababu tulikuwa tunajiandaa kushambulia. Uongo mtupu. Verner akapewa nishani, na mwezi wa tatu akapewa meli yenye jina lake.

Nilipelekwa Texas, kwenye karakana ilipoundwa, niwawakilishe walionusurika. Mfukoni nilikuwa na barua ya daktari ya kuniruhusu kurudi nyumbani kabisa. Mama Signe Nyquist alikuwa jukwaani, mfupi, amevaa koti la kanisani, mikono ya mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote. Alinishukuru kwa kuwa pamoja na mwanawe. Nikashindwa kuvumilia. Nilimwambia yote, palepale, bendi ikipiga.

Alinizaba kofi mpaka kofia ikaanguka. Wakubwa wakageuka, na yeye akawatazama mpaka wakageuka tena.

"Alikwambia uyafunge?"

"Mara tatu, mama."

"Ukamfanya nini?"

"Nilimrushia spana."

Alishika chupa ya kuzindulia. Akaivunja kwenye pua ya meli kwa pigo moja, meli ikateleza majini watu wakishangilia, naye hakuitazama. Alinishika mkono wenye vidole vitatu na kunivuta mpaka kwa admirali.

"Huyu aende na hii meli," alisema. "Kwenye mapipa."

Admirali alinitazama mkono, akasema, "Nadhani Mkuu Stroud ameshaachiliwa na daktari, mama."

"Nimewapa wanangu wawili. Nawaomba mtu mmoja." Kisha akaniinamia karibu, sauti imeshuka. "Vijana mia mbili wanaingia humo. Wewe unajua pipa likiwa wazi linafanya nini, wao hawajui. Utayafunga kila asubuhi na kila jioni. Na ukifia humo, nitawaandikia hawa wasikupe hata mtumbwi."

Niliitoa barua ya daktari mfukoni, nikaichana, nikamkabidhi admirali vipande.