Inchi Iliyokatika

Jana usiku, nikiwa nimelala na penseli sikioni kwa uchovu, niliota nimefika kwa Mama Sekela na ngazi za mlangoni kwake zinaanzia kidato cha pili, cha kwanza hakipo. Nikapanda hivyo hivyo.

Mimi ni seremala. Tepu yangu ilikatika ncha mwaka juzi, ikapoteza inchi ya kwanza. Tangu hapo nikipima naanzia kwenye moja, kisha naongeza moja mwishoni. Si mimi peke yangu, mafundi wengi wenye tepu zilizokatika hufanya hivyo.

Ndani, ubao wa mninga umekaa kochini umevaa shati la marehemu Mzee Mwakipesile, mume wa Mama Sekela. Ndiye aliyeuacha, akasema ukae juu ya mlango wa nyumba yake, watu wapite chini yake. Unatosha kipande kimoja tu, na asubuhi ndiyo tunaukata.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba," ubao unaitikia. "Mlango umeupima kwa kitu gani?"

"Kwa tepu ya kushonea ya Mama Sekela. Thelathini na nane."

"Na mimi?"

"Kwa yangu."

"Ukaongeza moja?"

Napapasa mfukoni kutafuta tepu. Nikigeuka, sebule imekuwa soko la mbao, nami nimelazwa mezani. Karani ananipima, anaanzia kwenye nyusi.

"Kichwa changu kinaanzia juu zaidi," namwambia.

"Paji la uso hatulihesabu hapa, kaka."

Chini ya meza kuna kitu cha njano chenye ndoano, kimenuna. Ni inchi yangu.

"Mwaka wa pili huu hujanitafuta," inasema.

"Nilishazoea bila wewe."

"Haya, endelea kuzoea." Ikaning'ang'ania kidole gumba cha mguu.

Nikaamka kidole kinauma. Nikafunua shuka. Kipande cha bati cha njano, urefu wa inchi moja, kimening'inia kidoleni.

Kumekucha. Nikakimbia pekupeku hadi kwa Mama Sekela. Mwenzangu Ambokile ameshaubana ubao, msumeno uko juu ya alama yangu.

"Acha kwanza. Sikuongeza ile moja."

Nikaweka kile kipande mbele ya alama. Mama Sekela akapima mwenyewe kwa tepu yake ya kushonea, toka mwanzo wa ubao hadi mwisho wa kipande. Thelathini na nane kamili.

"Umekitoa wapi hicho?" Ambokile akauliza.

"Kitandani."

Nikachora alama mpya. Ambokile akakata.

Mama Sekela akasema shati la marehemu amelikuta kochini asubuhi, limejaa vumbi la mbao. Nikamwambia alifue tu.

"Hapana, fundi," akasema. "Nitaliacha hivyo hivyo."