Chungu Kisicho na Chumvi

Masalu alikipiga teke chungu kidogo, mchicha ukamwagika majivuni. Kisha akamgeukia Ng'washi, mke wa kaka yake, akamzaba kofi lililomwangusha kwenye mafiga.

"Chungu hiki cha nani?"

"Cha kaka yako, shemeji."

"Na kile kikubwa chenye nyama?"

"Chetu sisi na wageni."

Hapo akawa amejimaliza mwenyewe. Pale Buswelu, mwanamke aliyempikia mumewe chungu cha peke yake hakuwa na la kujitetea: ama anamtilia limbwata, ama anamuua taratibu. Na Ndalahwa, mumewe, alikuwa anakufa taratibu mbele ya macho ya watu. Miguu ilimvimba kama mihogo iliyolowekwa, na ngazi tatu tu za baraza lake zilimtoa pumzi.

Ng'washi aliujua ugonjwa huo. Ulikuwa moyo. Daktari aliandika kwenye karatasi: asile chumvi, asile mafuta, asinywe pombe, achemshiwe mboga na samaki. Ng'washi alikuwa na darasa lake la saba, akaisoma. Ndalahwa, ambaye hakuwahi kukalia dawati, alisikiliza akaguna. Tangu viwanda vya minofu vifunguliwe kule ziwani, mchunga ng'ombe huyu alikuwa ameinuka, ana malori mawili ya kubebea sangara na kreti za bia kwa kila mgeni. Mwaka ule wa 1994 kila mtu alijua mwenye lori anakula nini, na mchicha wa kuchemsha haukuwemo.

"Nipikie," alimwambia mkewe, "ila asijue mtu. Watasema nimefilisika."

Ng'washi, kwa wema wake wa kijinga, akakubali. Akapika kwa kificho miezi mitatu, na kificho hicho ndicho kilichokuwa ushahidi sasa.

Masalu alimburuta kwa nywele hadi barazani, alipoketi Ndalahwa na wageni wawili, wanunuzi wa ng'ombe. Mkononi alishika panga alilochinjia mbuzi wao.

"Huyu anakuua, kaka."

Ng'washi alichomoa karatasi kifuani akaanza kuisoma kwa sauti, damu ya pua ikiidondokea.

"Umeiandika mwenyewe," Masalu alisema. "Hapa mwenye shule ni wewe peke yako. Nani atakubishia?"

"Baba Winnie," Ng'washi alimgeukia mumewe, "sema. Waambie ni wewe uliyeniomba."

Maneno mawili matatu yangetosha. Ndalahwa aliwatazama wageni, kisha akatazama viatu vyake. Kuna wanaume wanaoogopa kuitwa maskini kuliko kuitwa marehemu, na Ng'washi alikuwa ameolewa na mmoja wao.

Panga likashuka. Ng'washi aliinua mkono, makali yakazama chini ya kiwiko hadi kwenye mfupa.

"Mwache," Ndalahwa alisema wakati huo. "Nitakula pamoja nanyi. Leteni nyama."

Alidhani ameokoa vyote, mke na heshima. Akala mafuta ya mbuzi, akajinyunyizia chumvi kwa mkono wake ili wageni waone, akashushia na bia. Ng'washi alimtazama akila huku anafunga jeraha, akamchukia kuliko Masalu.

Asubuhi ya tatu Ndalahwa hakuweza tena kulala chali, na povu lenye damu lilimtoka mdomoni. Malori yote yalikuwa safarini. Ng'washi alikuwa amemwegemeza mumewe kifuani mwake, Masalu aliposukuma mlango na panga lile lile.

"Sasa umemmaliza."

"Baba Winnie, mwambie."

Na safari hii alitaka kusema. Ng'washi aliliona hilo, likamuuma kuliko mkono. Mdomo ulifunguka, ukafumba, ukafunguka tena, lakini pumzi ya kubeba hata neno moja haikuwepo. Masalu akainua panga. Ndalahwa alijitupa mbele, akalidaka kwenye makali kwa kiganja kitupu, akalifumbata. Masalu alivuta, damu ikatiririka hadi kiwikoni, mgonjwa hakuachia. Alimtazama mkewe, kisha akautazama mlango wa uani.

Ng'washi alikimbia kupitia shamba la pamba hadi barabara ya Kisesa, karatasi ikiwa kifuani. Nyuma yake alimsikia Masalu akimwita kaka yake kwa jina, akimsihi aachie.

Waliomwosha maiti walimsimulia baadaye kwamba iliwabidi wavifungue vidole vile kimoja kimoja.