Pezi la Mgongo

Arvid Lehto alilea samaki katika kituo cha kuzalishia cha Mto Alder hadi kilipofungwa. Bwawa lililoziba mto likavunjwa, magogo na changarawe vikarudishwa mtoni, ili samoni wa porini na jamaa zao stilhedi wapande kutoka baharini na kutaga tena kule juu. Kazi hiyo ilisimamiwa na binti yake, Sylvi.

Chini ya eneo hilo Sylvi aliweka mtego. Samaki wa porini waliruhusiwa kupanda. Wa kituoni, waliokuwa bado wakirudi kutoka baharini, walipigwa rungu, kwa kuwa watoto wao huishi kwa shida mtoni na hudhoofisha kizazi cha wenzao. Kuwatambua ni rahisi: wa kituoni hukatwa, wakiwa wadogo, kipezi cha nyama kilicho karibu na mkia.

Asubuhi moja ya Februari Arvid alikuja na chupa ya kahawa. Mtegoni mlikuwa na stilhedi jike, mnene, kipezi chake kipo.

"Mfungulie, Rodney," Arvid alimwambia msaidizi wa Sylvi. "Bibi harusi anachelewa."

Sylvi alipitisha kidole kwenye pezi la mgongo. Lilikuwa limepinda na kulika ncha.

"Huyu amekua akisugua saruji ya matangi ya kituoni, baba."

Arvid aliweka chupa ya kahawa chini.

"Hukumkata."

"Kundi la mwisho. Niliwaacha wachache. Nilitaka wangu nao wapate pa kutagia." Alishusha sauti. "Mmoja tu, mwanangu. Ana mayai."

"Ndiyo maana hapiti." Alimpa rungu. "Mpige wewe. Mkono wako mwepesi kuliko wa Rodney."

Arvid alipiga mara moja, vizuri, kama alivyopiga maelfu. Rodney alitazama pembeni.

Samaki aliyefuata alikuwa dume. Kipezi kipo, pezi la mgongo lina pengo dogo ambalo hata jino la sili huko baharini lingeweza kuliacha.

"Huyo wa porini," Arvid alisema. "Tazama alivyo mwembamba. Si wangu."

"Jana ningempitisha. Leo kipezi hakinithibitishii kitu."

"Soma magamba, yataonyesha alikokulia."

"Maabara iko mjini. Hatafika akiwa hai."

"Sylvi, nakuapia."

"Mwaka kituo kilipofungwa uliniapia wote wamekatwa."

Alinyoosha mkono kudai rungu. Arvid aliling'ang'ania, hivyo Sylvi akaokota jiwe.