Ingabire Hayumo Kwenye Faili

Ingabire alikuwa na siku tisa tu duniani, na baba yake Protasi alishapanda basi la Morse Road, mjini Columbus, Marekani, mara mbili kwenda kumwandikisha kwenye ofisi ya wakimbizi. Mara ya kwanza alikuta ofisi imefungwa, kumbe ni Jumapili. Furaha ya mtoto bwana, humsahaulisha mtu hata siku ya kusali.

Msimcheke. Kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, alikozaliwa na kukulia Protasi mwenyewe, mtoto asiyeandikwa kwenye kadi ya familia alikuwa kelele tu ndani ya nyumba: hana posho, hana safari. Mwanawe wa kwanza, Reginaldi, alichelewa kuandikwa, na safari ya Marekani ilipoiva jina lake halikuonekana kwenye orodha. Wazazi wakakataa kumwacha, wakakaa miaka mitatu zaidi wakisubiri kalamu ya mtu. Protasi akaapa kwamba wa pili ataandikwa kabla kitovu hakijakauka.

Basi Jumatatu akaenda na faili zima ndani ya mfuko wa plastiki. Akamkuta Rakeli, mama wa Kikongo anayeshughulikia wakimbizi pale. Rakeli akasoma cheti cha kuzaliwa, akakirudisha, akasema huyu hawezi kumwongeza kwenye faili.

Protasi akatoka nje bila kuuliza, akampigia kaka yake Ferdinandi aliyeko Louisville. Ferdinandi, ambaye habari zote huzisoma nusu, akamwambia ndiyo hayo, siku hizi watoto wa wageni hawapewi uraia, ajiandae. Protasi akampigia shangazi Kostansia, aliyeko Buffalo. Shangazi akasema Ferdinandi aache uzushi, wajukuu zake watatu wamezaliwa West Side, hukohuko Buffalo, na wote wana pasipoti. Pasipoti ya wapi, Protasi akauliza. Ya hapahapa Marekani, akajibiwa, au amelewa?

Hapo ndipo akili ikamruka kabisa. Yeye alizaliwa Tanzania, akasoma Tanzania, akaoa Tanzania, na hakuna siku hata moja aliyoambiwa ni Mtanzania. Tangu lini mtu akapewa nchi kwa kuzaliwa tu?

Akarudi ndani. "Mama, niambie ukweli. Mwanangu wamemkataa?"

Rakeli akavua miwani. "Bon, papa, nisikilize muzuri. Hii faili ni ya wakimbizi. Huyu mutoto hakukimbia kitu. Alizaliwa hapa Columbus, ni mwananchi wa hapa tangu ile siku. Ninyi ndio bado."

"Nani kampa nchi?"

"Hakuna mutu alimupa. Alizaliwa nayo."

Protasi akauliza tena, akajibiwa vilevile. Kila neno alilielewa, ila yote kwa pamoja yalikataa kuingia kichwani. Kwenye basi alipitiliza kituo chake, akarudi kwa miguu.

Nyumbani Angelika, mkewe, alikuwa ananyonyesha. Akauliza kama mtoto ameandikwa. Protasi akasema hapana, na Angelika akambana mtoto kifuani hadi akalia.

"Watatutenganisha?"

"Hapana, Mama Reginaldi. Wanasema huyu ndiye mwenyeji. Wageni ni sisi watatu."

Angelika akamtazama Ingabire, aliyekuwa amerudi kunyonya kwa pupa, amefumba macho, hana habari na mtu.

"Basi tumwombe asitufukuze," akasema, na hata mwenyewe hakujua kama anatania.