Kadi Nne za Daktari

Hilary Ackroyd aliingia kwa daktari na mumewe, roho mkononi. Kwa mwaka mzima alikuwa akimuungia mumewe maneno. Desmond akisema, "Mvua imenyesha. Paka," yeye humalizia haraka, "Ndiyo maana paka hakutoka," wageni wakacheka, wakaongezewa chai, wasigundue kitu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani anataka kuumbuka mbele ya majirani wa Halifax, ambao habari ya mtu kwao ni tamu kuliko keki?

Na maradhi yalijua pa kupiga. Desmond alikuwa mwalimu wa Kiingereza mpaka alipostaafu. Mwanafunzi akiandika "yeye" bila kuonyesha ni nani, alirudishiwa karatasi yake. "Sentensi zishikane mikono," alikuwa akiwaambia. "Zisiposhikana hujaniandikia kisa, umenirushia kokoto."

"Leo, Bi. Ackroyd, usimsaidie," alisema Daktari Fenwick kwa upole. "Hata neno moja."

Kumbe amejua!

Daktari akapanga kadi nne za picha mezani. Mvulana amepanda mti. Tawi limekatika. Mvulana analia chini. Mama anamfunga bendeji.

"Nisimulie kisa chake, Bwana Ackroyd."

"Binti, hili si ungempa mtoto wa chekechea?" Desmond alitania, akivaa miwani. "Haya. Kuna mvulana yuko mtini. Kuna tawi limevunjika. Kuna mvulana analia."

"Analia nini?"

"Nitajuaje? Ndiyo kwanza namwona."

Hilary aliuma midomo. Neno moja tu, "halafu", lilimwasha ulimini. Hofu ikamshinda.

"Desmond, ni yule yule! Ameanguka! Mtini si ndiko alikotoka?"

Desmond aliitazama kadi ya kwanza, akaitazama ya tatu. Hakutaka kumvunjia mtu heshima.

"Wanafanana kidogo," alikubali.

Daktari alimwomba Hilary atoke kidogo apumue. Ukumbini alikunywa maji kwa pupa hata akajimwagia kifuani. Alikuwa anaogopa kama hajawahi kuogopa tangu aolewe. Akajifuta uso, akavaa tabasamu, akarudi.

Desmond aliinuka kitini, kama alivyozoea kumwinukia mwanamke.

"Karibu, mama. Keti hapa, nafasi ipo."

Hilary akakaa. Daktari Fenwick aliacha kuandika.

"Afadhali umekuja," Desmond alimnong'oneza. "Kulikuwa na mwanamke hapa sasa hivi. Nilitaka kumtuliza, lakini akatoka nje, na nadhani analia. Tafadhali kamwangalie, maana anaogopa sana, na sidhani kama ana mtu."